Boila Inapozimwa na Barafu: Tutazame Kibomba Kabla ya Kuwasha Mkaa



Asubuhi moja ya baridi kali, baada ya Sala ya Alfajiri, bibi mmoja wa jamaa yetu hapa Uingereza alinipigia simu. Hakuulizia ratiba ya sala wala darsa za watoto. "Mwanangu," alisema, "boila imezima tangu usiku na wajukuu wanatetemeka. Nimemwambia kijana aliingize ndani lile jiko la mkaa la bustanini." Nilimsihi asiliwashe mpaka tufike.

Tulipofika, mimi na mke wangu, mkaa ulikuwa umekwisha pangwa, kiberiti kando yake. Boila ilikuwa ikitoa sauti ya maji yanayobubujika, na kwenye kioo chake imeonesha alama ya hitilafu. Kumbe haikuwa mbovu.

Boila za gesi za siku hizi, ambazo tangu Aprili 2005 sheria ya England na Wales inataka ndizo zifungwe katika nyumba nyingi, hupooza moshi wake ili kuvuna joto ambalo zamani lilipotea hewani. Moshi huo ukipoa hutoa maji, nayo hutiririka kupitia kibomba cha plastiki hadi kwenye mfereji. Kibomba hicho kikipita nje ya ukuta, maji huganda ndani yake usiku wa barafu. Njia ikiziba, maji hurudi nyuma, na boila hujizima yenyewe kwa usalama.

Dawa yake ni nyepesi. Kwanza, zima boila na ukitafute kibomba hicho nje. Kama kiko juu, usipande ngazi penye barafu, mwachie fundi. Kama unakifikia, kimwagie maji ya uvuguvugu polepole, hasa kwenye kona na mwisho wake. Usitumie maji yanayochemka, kwani plastiki yaweza kupasuka. Nyunyiza chumvi pale maji yalipomwagika, asije mtu akateleza. Kisha washa boila na ubonyeze kitufe cha kuianzisha upya, kama kitabu chake kinavyoelekeza.

Ikiwa bado haiwaki, tazama geji ya msukumo wa maji. Kwa boila nyingi, mfumo ukiwa baridi, husoma kati ya baa 1 na 1.5. Ikishuka kila mara, pana uvujaji. Mwite fundi aliyeandikishwa katika Gas Safe Register. Usifungue kifuniko cha boila mwenyewe. Ukisikia harufu ya gesi, usiguse swichi ya umeme. Fungua madirisha, toka nje na upige 0800 111 999. Nanyi wapangaji wa England, jueni kwamba kutengeneza mfumo wa joto ni wajibu wa mwenye nyumba.

Kwa bibi yule, birika mbili za maji ya uvuguvugu zilitosha. Joto lilirejea kabla wajukuu hawajamaliza chai.

Hatari kubwa haikuwa boila, bali mkaa ule. Mkaa unaowaka ndani ya nyumba, hata ukibaki makaa tu, hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Huanza kwa maumivu ya kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, na aliyelala huenda asiamke. Kufungua dirisha kidogo si kinga. Mtume wetu (s.a.w.) alituamrisha kuzima moto tunapokwenda kulala, basi itakuwaje tuuwashe chumbani na kuufungia milango? Kila nyumba iwe na king'ora cha gesi hiyo. Boila ikizima usiku, familia ikusanyike chumba kimoja, ijifunike mablanketi, na imwite jirani.

Kabla ya majira ya baridi, kivishe kibomba cha nje sponji ya kuhifadhi joto. Kamati yetu nayo imeandika orodha ya wazee wanaoishi bila kijana wa kuwasaidia, ili wapigiwe simu kila barafu inapotangazwa.

Bibi yule alituomba radhi kwa kutusumbua mapema. Lakini wa kuomba radhi tulikuwa sisi, tuliolala katika joto bila kumuulizia. Allah atujaalie kuwa majirani wema. Amin.