Kabla ya kumwadhibu kuruta, lipimeni jicho lake

Wahenga walinena kwamba ukipenda, chongo huita kengeza. Katika uwanja wa kulengea shabaha mapenzi hayapo. Huko kengeza huitwa chongo, na asiye na kengeza wala chongo huitwa yote mawili. Hayo ndiyo yaliyomfika mpwa wangu alipokuwa kuruta katika chuo kimoja cha mafunzo ya askari, ambacho jina lake si lazima kulitaja.

Kijana huyo alikuwa na macho mazima. Daktari alimsomesha herufi ukutani kwa kila jicho, naye akazisoma bila kusitasita. Hata hivyo, kila aliposhika bunduki risasi zake zilikwenda kushoto. Aliambiwa afumbe jicho la kushoto, akashindwa kulifumba peke yake, kwani lilipofumbika lilifumbika pamoja na mwenziwe. Alirushwa kichura, akabingirishwa matopeni, akaitwa kipofu mbele ya wenzake. Alifaulu katika jaribio la tatu, na yeye mwenyewe hajui alifauluje. Leo hii analinda benki katika mtaa wenye watu tele, bunduki ikining'inia begani.

Alipokuja kunitembelea na kunisimulia masaibu hayo, nilimwomba asimame sebuleni anyoshe mikono yote miwili mbele, viganja vikiwa vimetazama mbele, kisha avikutanishe hadi libaki tundu dogo baina ya vidole gumba. Nilimtaka aitazame saa ya ukutani kupitia tundu hilo, macho yote mawili yakiwa wazi. Halafu nikaliziba jicho lake la kulia kwa karatasi. Saa ikabaki palepale. Nilipoliziba la kushoto alishtuka: "Mjomba, saa imeondoka!"

Saa haikuondoka, msomaji mpendwa. Kilichobainika ni kwamba mpwa wangu, ambaye huandika, hula na kurusha mawe kwa mkono wa kulia, hutumia jicho la kushoto anapolenga. Karibu kila binadamu mwenye macho mawili ana jicho moja ambalo ubongo hulitegemea zaidi wakati wa kulinganisha vitu vilivyo katika mstari mmoja. Nitaliita jicho tawala. Jambo hili si geni. Mtaalamu wa Kiitaliano, Giambattista della Porta, alilieleza katika kitabu alichokichapisha mwaka wa 1593. Takriban watu 9 kati ya 10 hutumia mkono wa kulia, lakini kiasi cha mtu 1 kati ya 3 jicho lake tawala ni la kushoto. Ina maana kwamba katika kila kikosi cha makuruta wamo wengi ambao jicho na mkono wao vimepishana.

Kwa nini vipishane? Mkono wa kulia huendeshwa na upande wa kushoto wa ubongo, na mkono wa kushoto huendeshwa na upande wa kulia. Jicho halifuati kanuni hiyo, kwani kila jicho hupeleka habari zake katika pande zote mbili za ubongo. Kwa hivyo hakuna sababu ya kudhani kwamba jicho litaufuata mkono kama kivuli.

Nadhani lugha nayo imechangia katika kutupotosha. Mkono wa kulia umeitwa hivyo kwa sababu ndio tunaoutumia kulia chakula. Waswahili wa zamani waliuita pia mkono wa kuume, na wa pili wakauita mkono wa kike, kana kwamba mmoja umezaliwa kutawala na mwingine kutumikia. Kisha tukayatwaa maneno hayo na kuyabandika machoni, tukasema jicho la kulia na jicho la kushoto. Lakini jicho halili ugali. Tumelipa jicho jina la mkono, tukasahau kuuliza iwapo lina tabia ya mkono. Fauka ya hayo, mtu ambaye jicho na mkono wake vimepishana hatuna neno la kumwitia, na penye upungufu wa neno, tusi huja haraka.

Madhara yake ni ya kupimika. Chukua bunduki ya marisau, ile ya kuwindia ndege, ambayo aghalabu haina cha kulengea ila tone dogo la chuma kwenye ncha ya mtutu. Mpigaji ameiweka kwenye bega la kulia, macho yote mawili yako wazi, na jicho la kushoto ndilo linalolenga. Ikiwa macho yake yameachana kwa sentimita 6, na tone lile liko sentimita 90 kutoka usoni, basi kwa shabaha iliyo umbali wa mita 30 atakosa kwa karibu mita 2, upande wa kushoto. Kwa bunduki ya askari, yenye tundu la kulengea nyuma na alama mbele, kosa hilo huweza kupungua. Hata hivyo, asiyeweza kufumba jicho moja huinamisha kichwa juu ya kitako akilitafutia jicho lake tawala nafasi, shavu likabanduka, na risasi ikaenda itakako.

Tiba zipo, na nyingi hazina gharama. Mwenye bastola huisogeza kidogo tu hadi iwe mbele ya jicho tawala. Mwenye bunduki anaweza kujifunza kupigia bega la kushoto, hasa akifundishwa mapema kabla mazoea hayajaota mizizi. Mwingine hubandika kipande cha utepe wenye ukungu juu ya kioo cha miwani, mbele ya jicho tawala, ili la pili lishike kazi. Mafundi wa bunduki wa London walikwenda mbali zaidi wakatengeneza vitako vilivyopindwa, hivi kwamba bunduki ikae bega la kulia ilhali jicho la kushoto ndilo linalolenga. Tajiri alipinda mti ili umfae mtu. Sisi twampinda mtu.

Si kwamba majeshi makubwa hayana lawama. Bunduki ya SA80, iliyoanza kutumiwa na jeshi la Uingereza mwaka wa 1985, hutupa maganda ya risasi upande wa kulia, karibu kabisa na uso. Anayeiweka bega la kushoto hujihatarisha kupigwa na maganda hayo. Kwa sababu hiyo askari wote, hata wenye shoto, hufundishwa kupigia bega la kulia. Lakini angalau hapo sababu ni chuma, si ujinga.

Yamkini mkufunzi mmoja atanijibu kwamba mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Ni kweli. Wapo wanaokosa shabaha kwa sababu hushtuka kabla ya mlio, au huvuta kifyatulio kwa pupa, au hawakusikiliza somo. Tena wapo waliopishana jicho na mkono ambao hulenga vizuri mno kwa kuwa wamejizoeza. Sidai kwamba jicho ndilo chanzo cha kila kosa. Ninachodai ni kwamba adhabu haiwezi kutibu kosa ambalo chanzo chake hakijatafutwa, na kwamba kumpima kuruta kwa viganja vyake mwenyewe hakuchukui hata dakika moja.

Kwa hivyo, ombi langu kwa wanaohusika ni dogo. Siku ya kwanza ya mafunzo ya shabaha, kila kuruta apimwe jicho tawala, matokeo yaandikwe katika faili yake, na mkufunzi aambiwe la kufanya. Walioko kazini tayari wapimwe pia, bila kutishwa. Mpwa wangu amejua sasa udhaifu wake, ila anaogopa kuusema kazini. "Mjomba, nikisema nitaambiwa niirudishe bunduki na sare," aliniambia.

Namwonea huruma, lakini nawahurumia zaidi wanaopita mbele ya benki ile, mama na mboga zake, mtoto na mkoba wa shule. Siku majambazi watakapokuja, watu hao watakuwa upande wa kushoto wa shabaha.