Nililinyamazisha Bomba la Moshi

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi sikuwa mkaidi. Masikio yangu yalizibwa na bomba la moshi la mashua yangu.

Injini yangu ya dizeli ilitoa moshi kwa bomba kavu. Siku moja tulitoka Faza kumpeleka mama mjamzito hospitali Lamu. Tulipoingia Mkanda, kati ya Manda na bara, maji yalikuwa yakipwa. Baharia wa omo alipima kwa pondo, akapiga kelele, "Fungu!" Nami huku tezi sikusikia neno. Tukapwelewa hadi maji yaliporudi. Alhamdulillahi, mama alifika salama.

Fundi mmoja wa Langoni akaniambia, "Mwanangu, unyweshe moshi maji." Akaunga mpira unaomwaga ndani ya bomba maji ya bahari yaliyokwisha kupoza injini. Moshi ukipoa husinyaa, na mshindo hupungua. Akatia sailensa, kisha akalipandisha bomba kama shingo ya bata kabla halijatokea nje, ili bahari isirudi ndani ya silinda ikaua injini.

Tangu hapo, kila niwashapo hutazama nyuma. Maji yasipotoka pamoja na moshi, pampu haivuti, huzima upesi.

Siku hizi baharia akinena omoni, namsikia. Na jioni tukikaribia Lamu, adhana ya Magharibi hutufikia tungali majini. Manahodha wenzangu, gharama ya bomba ni ndogo kuliko roho ya abiria.