Tangi la Matumbawe ni Kazi ya Shirika

Mwenye fedha hudhani kuwa fedha yake yaweza kununua kila kitu, hata bahari. Hununua tangi kubwa la kioo, akalijaza maji ya chumvi, akaagiza mawe, matumbawe na samaki wa rangi, na jioni ile ile akawaita jamaa zake waje watazame. Baada ya juma moja samaki wanaelea tumbo juu, matumbawe yamekuwa meupe kama mifupa, na maji yananuka. Wazee walisema kuwa mwenye pupa hadiriki kula tamu. Yatupasa kulieleza jambo hili kwa makini, kwa sababu kila kiumbe afaye bure ndani ya kioo ametolewa mahali, na mara nyingi mahali penyewe ni mwamba wa bahari ambao wavuvi maskini huutegemea kwa riziki yao.

Ufundi wa tangi la matumbawe si siri ya matajiri. Mwaka 1961 Lee Chin Eng, mkazi wa Jakarta nchini Indonesia, alieleza katika jarida la Marekani, Tropical Fish Hobbyist, jinsi alivyofuga samaki na viumbe wa mwambani nyumbani kwake. Hakuwa na mitambo ya ajabu. Alitumia maji ya bahari, mwanga wa jua, mapovu ya hewa, na mawe yaliyotolewa baharini yakiwa bado na uhai ndani yake. Fumbo lote lilikuwa katika mawe hayo.

Samaki akila hutoa uchafu, na uchafu huo pamoja na mabaki ya chakula huzaa amonia, ambayo ni sumu. Juu ya mawe na katika mchanga huishi vijidudu wasioonekana kwa macho. Kundi la kwanza hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo zaidi. Ndani kabisa ya jiwe, ambako hewa haifiki, kundi la tatu hugeuza nitrati kuwa gesi ya naitrojeni, ikatoka majini na kwenda zake. Hawa ndio makuli na wafagizi wa tangi. Hakuna mgeni anayewasifu, lakini siku wasipokuwapo, mji mzima hufa.

Wafanyakazi hao hawaji kwa amri. Huzaana polepole, na kwa kawaida huchukua majuma 4 hadi 6 kabla ya kutosha kwa kazi. Kwa hiyo mwanzo wa kazi ni kungoja. Tangi hupangwa mawe na mchanga, huwekwa pampu ya kuzungusha maji, hutiwa chakula kidogo ili amonia ianze kupatikana, na maji hupimwa kila siku chache. Amonia na nitriti zikionekana kupanda na kisha kushuka zikabaki sifuri, ndipo samaki mmoja au wawili waingie. Wengine wangoje zamu yao, maana vijidudu nao lazima waongezeke kadiri kazi inavyoongezeka.

Si lazima mawe yatoke katika mwamba ulio hai. Mawe ya matumbawe ya kale yachimbwayo nchi kavu, ndugu za yale yaliyojenga majumba na misikiti ya Kilwa na Unguja, yafaa vizuri yakisafishwa. Huchukua muda mrefu zaidi kupata vijidudu, lakini hayamwachi samaki wa baharini bila makazi.

Maji nayo yana masharti yake. Chumvi ya jikoni haifai, kwa kuwa maji ya bahari yana magnesi, kalsiamu na madini mengine mengi. Hutumiwa chumvi iliyotengenezwa kwa kazi hii, kiasi cha gramu 35 kwa kila lita, yaani karibu kilo 7 kwa tangi la lita 200. Maji ya bomba yachujwe kwanza, kwani dawa ya klorini na shaba iliyomo hudhuru viumbe wa mwambani. Tena, maji yakipungua kwa kukauka, chumvi haiondoki nayo, hubaki tangini. Basi pengo hilo hujazwa kwa maji matamu, si kwa maji ya chumvi. Wengi wameua matangi yao kwa kutolijua jambo hili dogo.

Matumbawe si mawe, wala si maua. Ni wanyama wadogo wanaoishi pamoja kwa maelfu na kujijengea nyumba ya chokaa. Ndani ya miili yao mna mwani mdogo sana, ambao hupokea mwanga na kumlisha mwenyeji wake. Ndiyo sababu tangi la matumbawe huhitaji taa kali kuliko tangi la samaki peke yao, na ndiyo sababu kalsiamu ya maji huangaliwa isishuke chini ya miligramu 400 hivi kwa lita. Joto linalofaa ni nyuzi 24 hadi 27 za sentigredi. Likizidi mno kwa siku nyingi, matumbawe huutoa mwani wao, yakabaki meupe, na yasipoupata tena hufa kwa njaa. Mkazi wa nchi ya baridi huhangaika kupasha maji moto, bali mkazi wa Dar es Salaam au Mombasa hana budi kuyapoza, japo kwa feni ipulizayo juu ya maji.

Baada ya hapo ni utunzaji usiokoma. Kila siku mtu huangalia joto na kujazia maji matamu. Kila juma hupima, hufuta kioo, na hubadilisha kama sehemu moja ya kumi ya maji. Chakula kiwe kidogo. Umeme ukikatika, pampu ya hewa ya betri iwe tayari, maana maji yasiyotembea huishiwa hewa upesi.

Hapa ndipo penye neno letu kwa wanachama na wafanyakazi. Maumbile yenyewe yanafundisha kuwa tangi kubwa ni imara kuliko dogo. Katika maji mengi, joto na chumvi hubadilika polepole, na kosa moja haliangamizi wote. Matangi kumi madogo katika sebule kumi ni gharama kumi na mashaka kumi. Tangi moja kubwa katika shule au ukumbi wa wafanyakazi, lenye watunzaji wa zamu na daftari la vipimo, ni gharama moja na darasa la watu wote. Mtoto wa kuli na mtoto wa karani watasimama mbele ya kioo kimoja, wajifunze jinsi bahari yao inavyofanya kazi.

Tena wanayo haja kubwa ya kujifunza. Mwaka 1998 joto la bahari lilifanya matumbawe mengi ya magharibi ya Bahari ya Hindi kuwa meupe na kufa. Baruti za wavuvi haramu zimevunja miamba iliyojengwa kwa karne nyingi. Huko Ufilipino, tangu miaka ya 1960, sumu ya sianidi ilitumiwa kuwalewesha samaki wa mapambo ili wakamatwe hai, nayo iliua matumbawe pia. Serikali zimechukua hatua. Kenya iliweka hifadhi za bahari za Malindi na Watamu mwaka 1968. Tanzania ilitunga sheria ya hifadhi za bahari mwaka 1994, na hifadhi ya Mafia ikafuata mwaka 1995. Mkataba wa CITES nao hutaka kibali kwa biashara ya matumbawe magumu baina ya nchi na nchi. Lakini sheria peke yake haina macho kila ufukoni.

Kwa hiyo, ndugu wasomaji, atakaye tangi na aanze kwa samaki waliozaliwa matangini, kama wale wa anemoni ambao wamezalishwa hivyo kwa miaka mingi, na kwa vipande vya matumbawe vilivyokatwa katika tangi la mwenzake. Akinunua samaki wa baharini, aulize amekamatwa wapi na kwa njia gani, na kama mzamiaji aliyemtoa alilipwa ujira wa haki. Asiyeweza kungoja majuma sita, mwamba na auache baharini. Huko vijidudu, mwani na matumbawe hutufanyia kazi bila mshahara: huwapa samaki mazalio na huvunja nguvu ya mawimbi yasile pwani zetu. Deni la kazi hiyo ni letu sote, na malipo yake ni ulinzi.