Jioni, Nepia Inapomwita Nondo

Jua likishazama kandokando ya Ziwa Viktoria, nyasi ya nepia hubadilika harufu. Katika saa ya kwanza ya giza, majani yake hutoa kemikali za harufu mara mia hivi zaidi ya mchana. Nondo wa bungua, ambaye saa hizo hizo anatafuta pa kutaga, huzinusa na kuyapita mahindi. Kumbe ameitwa mtegoni. Viwavi wakianguliwa na kuanza kutoboa bua, nepia hutoa utomvu wa kunata unaowaganda, na ni wachache tu wanaofikia kuwa nondo.

Hiyo ndiyo “vuta” katika mbinu ya sukuma-vuta, iliyobuniwa miaka ya 1990 na Zeyaur Khan, mtaalamu wa wadudu kutoka India, na wenzake wa kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe kule Mbita, Kenya, wakishirikiana na John Pickett wa Rothamsted, Uingereza. Nepia hupandwa mistari mitatu kuzunguka shamba. “Sukuma” ni desmodiamu, mmea utambaao wa jamii ya kunde, unaopandwa katikati ya mistari ya mahindi ili kumsukuma nondo.

Upo udhibiti wa kibayolojia usiomhitaji mkulima kabisa. Mwaka 1993, nyigu wadogo walioletwa kutoka Pakistan waliachiliwa Pwani ya Kenya. Wakaenea wenyewe, wakitaga mayai ndani ya viwavi wa bungua, na mkulima akalala usingizi wake. Sukuma-vuta haikubali hivyo. Isipofundishwa haifanyi kazi, na anayehitaji kuijua kuliko wote ni mwanamke, kwa sababu palizi iko mikononi mwake.

Palizi ndipo penye mtihani. Mbegu za desmodiamu ni ndogo mno, hata huchanganywa na mchanga laini ili zienee mferejini, na mche unaochipua hauna tofauti kubwa na gugu. Aliyezoea kupalilia miaka 20 atauondoa kabla hajafikiri. Kwa hiyo somo la kwanza ni la macho: mkufunzi huchuma jani, huonyesha vijani vitatu kwenye kikonyo kimoja, na, kwa baadhi ya aina, mstari wa rangi ya fedha unaopita katikati ya kila kijani. Kila mmoja hushika, hugeuza, huangalia upande wa chini. Mtindo huu wa kufundishia shambani, uitwao shamba darasa, ulianza Indonesia mwaka 1989 kwenye mpunga, na ukafika magharibi mwa Kenya miaka ya 1990. Hakuna ubao. Kikundi huchuchumaa kati ya mistari, hufunua moyo wa mhindi kutafuta kinyesi cha kiwavi, hupasua bua lililotobolewa na kuhesabu waliomo. Asiyejua kusoma hapungukiwi kitu hapo.

Lakini sidhani kama bungua ndiye anayewavutia akina mama zaidi. Ni kiduha, gugu ambalo Wajaluo huliita kayongo. Maua yake ya zambarau ni mazuri kwa mpita njia. Mmea mmoja huzaa makumi ya maelfu ya mbegu, nazo hukaa udongoni zaidi ya miaka 10 zikisubiri mzizi wa nafaka. Siku kinapochomoza juu, kimeshaunyonya mhindi kwa wiki kadhaa, na kuking'oa kwa mkono ni kutwa nzima ya mgongo uliopinda. Mizizi ya desmodiamu humaliza kazi hiyo kizani: kemikali moja huziamsha mbegu, nyingine huzuia kimzizi chao kisijishikize kwenye mzizi wa mhindi. Mbegu huota, hukosa chakula, hufa. Juu ya hayo udongo huongezewa naitrojeni.

Kiwavijeshi vamizi alipoingia Afrika mwaka 2016, na Kenya mwaka uliofuata, wengi walikimbilia dawa za madukani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018, uliofanywa katika mashamba ya wakulima wa Kenya, Uganda na Tanzania, ulikuta kwamba penye sukuma-vuta viwavi walikuwa wamepungua kwa zaidi ya asilimia 80. Kwa nini hasa? Wataalamu bado wanabishana. Maelezo ya zamani ni kwamba harufu ya desmodiamu humfukuza nondo. Kundi la watafiti wakiwemo wa Sweden likapima harufu hiyo shambani, likakuta ni hafifu mno. Lililowashangaza ni vinywele vya majani na mashina, vilivyopinda kwa ncha, vinavyowanasa na kuwachoma viwavi wachanga wanaotambaa juu yake. Wengine wamepima wakaikuta harufu. Mimi naona hakuna ubaya mmea ukiwa na silaha mbili.

Kinachoikwamisha sukuma-vuta mara nyingi hakihusu wadudu. Nepia na desmodiamu hudumu miaka, na ni malisho mazuri. Huo ndio utamu wake kwa mwenye ng'ombe au mbuzi. Ila mwanamke aliyekodi shamba kwa msimu mmoja hawezi kupanda kitu atakachokiacha, na anayelima ardhi ya ukweni akizungushia mistari mitatu ya nepia anaweza kuulizwa anaweka mipaka ya nani. Fedha za maziwa nazo zina mwenyewe, ambaye pengine hakuwahi kukanyaga shamba darasa. Mkufunzi anayeijua kazi yake humwita mume, na baba mkwe pia kama ardhi ni yake, siku ile ya kupima mistari kabla mbegu haijafunguliwa.