Matunda ya Ugenini: Utamu na Sumu katika Jamaa Moja

Mtu aendaye kuishi nchi ya mbali, awe mwanafunzi, mwalimu au mfanyakazi, aghalabu hukuta sokoni matunda asiyopata kuyaona kwao. Desturi ya wengi ni kuyapima kwa macho na kwa ulimi: tunda likipendeza na kuwa tamu, huhesabiwa kuwa chakula. Kipimo hicho hakitoshi. Hapa tutatazama matunda mawili ya nchi za joto, yaani aki na lichi, ambayo ni ya jamaa moja na shokishoki lijulikanalo sana Unguja.

Asili ya mti wa aki ni Afrika ya Magharibi. Ulifikishwa Jamaika katika karne ya 18, wakati wa biashara ya watumwa, na leo aki kwa samaki wa chumvi ni chakula cha taifa cha nchi hiyo. Jina lake la kitaalamu, Blighia sapida, ni kumbukumbu ya Kapteni William Bligh, aliyepeleka mmea huo katika bustani ya Kew, Uingereza, mwaka 1793. Tunda likiiva huwa jekundu, nalo hupasuka lenyewe mtini na kuonyesha mbegu nyeusi zing'aazo, aghalabu tatu, zilizoshikamana na nyama laini yenye rangi ya maziwa. Nyama hiyo tu ndiyo iliwayo. Wenyeji hungoja tunda lipasuke, huondoa mbegu na utando mwekundu, kisha huchemsha nyama na kumwaga maji yake.

Utaratibu huo una sababu ya kikemia. Aki bichi lina sumu iitwayo hipoglisini A, ambayo ilitambuliwa na wataalamu huko Jamaika katika miaka ya 1950. Tunda linapoiva, sumu hupungua sana katika nyama, lakini hubaki katika mbegu. Alaye aki bichi huweza kutapika, kupatwa na degedege, na hata kufa. Kwa sababu hiyo Marekani ilipiga marufuku uingizaji wa aki mwaka 1973. Mnamo 2000 ndipo ilipoanza kuruhusu aki ya makopo kutoka viwanda vilivyothibitishwa.

Je, sumu hiyo hufanyaje kazi? Mtu akikaa muda mrefu bila kula, ini hutoa sukari iliyowekwa akiba ili ubongo usikose nishati. Akiba hiyo ikikwisha, mwili huunguza mafuta, na nishati ipatikanayo huliwezesha ini kutengeneza sukari mpya. Hipoglisini A, ikiisha kubadilishwa mwilini, huvizuia vimeng'enya vinavyovunja mafuta. Hivyo njia zote mbili hufungwa: akiba imekwisha, na sukari mpya haitengenezwi. Sukari ya damu hushuka na ubongo hudhurika.

Jambo hili lilidhihirika katika wilaya ya Muzaffarpur, India, ambako lichi hulimwa kwa wingi. Tangu mwaka 1995 watoto walikuwa wakiugua ghafla kila msimu wa mavuno, aghalabu alfajiri, na chanzo hakikujulikana. Mwaka 2014 wagonjwa 390 walipokewa katika hospitali mbili, na 122 kati yao walifariki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha uhusiano kati ya ugonjwa huo na kula lichi, na kwamba hatari ilizidi kwa mtoto aliyelala bila chakula cha jioni. Lichi lina hipoglisini A pamoja na kemikali nyingine inayofanana nayo. Watafiti walishauri watoto wapunguze kula lichi, wapewe chakula cha jioni, na mgonjwa atiwe sukari mwilini upesi.

Msomaji asidhani kwamba lichi ni tunda la kukimbiwa. Watu wengi mno hulila bila kudhurika. Madhara hutegemea kiasi kilicholiwa, hali ya tunda, na hali ya mlaji. Mtoto mwenye utapiamlo ana akiba ndogo ya sukari, kwa hiyo hulemewa mapema.

Basi ajapo ugenini, mtu na awaulize wenyeji mambo matatu kabla ya kuonja: sehemu gani ya tunda huliwa, huliwa likiwa katika hali gani, na hutayarishwaje. Kuuliza si ujinga. Majibu yao mara nyingi yametokana na maafa yaliyowapata waliotangulia, tena zamani sana kabla ya maabara kueleza sababu.