Vita Vilivyobaki Nyumbani: Familia ya Hilton na Kaya za Kasongo na Kabambare

Filamu ya Kimarekani *Since You Went Away*, iliyotolewa mwaka 1944 Vita vya Pili vya Dunia vikiwa bado vinapiganwa, ni filamu ya vita ambayo haina uwanja wa mapigano hata mmoja. Mtayarishaji wake, David O. Selznick, ambaye pia aliandika mchezo wenyewe kutokana na kitabu cha Margaret Buell Wilder, na mwongozaji wake, John Cromwell, waliielekeza kamera kwenye nyumba moja ya mji wa kawaida wa Marekani mwaka 1943, na kuiacha humo kwa karibu saa tatu. Wanahistoria huyaita maisha ya namna hiyo uwanja wa nyuma wa vita, yaani maisha ya raia waliobaki nyumbani wakati wenzao wako mstari wa mbele: kazi wanazozibeba kwa niaba ya walioondoka, chakula kinachopungua, habari zinazochelewa, na serikali inayoingia hadi jikoni kuhesabu sukari.

Hadithi yenyewe ni nyepesi kuisimulia. Tim Hilton amekwenda jeshini, na mkewe Anne, nafasi iliyoigizwa na Claudette Colbert, amebaki na mabinti wawili, Jane na Bridget. Mshahara wa askari hautoshi, kwa hiyo chumba kimoja kinapangishwa kwa kanali mstaafu mwenye maneno makali, na mjukuu wa kanali huyo, Bill, anapendana na Jane kabla ya kupelekwa Italia, ambako anauawa katika mapigano ya Salerno. Anne anapokea habari kwamba mumewe hajulikani alipo; mwishowe anakwenda kujifunza kuchomelea vyuma katika kiwanda cha meli. Jambo la kistadi zaidi katika filamu nzima ni kwamba Tim haonekani kamwe isipokuwa katika picha za ukutani na mezani. Mwanzoni kamera inapita polepole juu ya kiti chake kitupu, mbwa wake aliyejilaza, na viatu vya watoto vilivyohifadhiwa kama kumbukumbu, hivyo kwamba mtazamaji anamfahamu baba wa nyumba kwa vitu alivyoviacha kabla hajasikia neno lolote juu yake. Filamu ilipendekezwa kwa tuzo tisa za Oscar ikapata moja, ya muziki wa Max Steiner, na ni haki kusema kwamba muziki huo mara nyingine unamlazimisha mtazamaji kulia mahali ambapo kiti kitupu kingetosha.

Miaka miwili kabla yake, *Mrs. Miniver* ya William Wyler ilikuwa imefanya kazi kama hiyo kwa familia ya Kiingereza. Filamu zote mbili zina dai moja, kwamba nyumba ni ngome, na kwamba ushindi au kushindwa vitani hutegemea uvumilivu wa mama, watoto na majirani. Dai hilo lina ukweli mkubwa, lakini likitazamwa kutoka kusini mwa Maniema, mashariki ya Kongo, katika maeneo ya Kasongo na Kabambare yaliyo mashariki ya mto Lualaba, linaacha swali ambalo Selznick hakulijua: ngome hiyo ilijengwa kwa vifaa vya nani?

Mgao unaoonekana katika maisha ya akina Hilton haukutoka hewani. Japani ilipoiteka Malaya na Singapore mapema mwaka 1942, na kisha visiwa vya Indonesia vilivyokuwa chini ya Waholanzi, Marekani na Uingereza zilipoteza kwa mkupuo mmoja chanzo kikuu cha mpira na sehemu kubwa ya bati, yaani madini yanayopakwa ndani ya makopo ya chakula na kutumika katika kulehemu. Ndiyo sababu matairi yalikuwa miongoni mwa bidhaa za kwanza kuwekewa mgao Marekani, mnamo Januari 1942. Ndiyo sababu petroli nayo iligawiwa kwa vibali, lengo kubwa likiwa kupunguza safari ili matairi yasiishe. Na ndiyo sababu akina mama wa miji kama ule wa Hilton walifundishwa kuosha makopo matupu, kuyabana na kuyakusanya. Upungufu huohuo uliowafanya Wamarekani wabane makopo uliyafikia mashamba na misitu ya Maniema kwa sura tofauti kabisa.

Ubelgiji ilisalimu amri kwa Wajerumani tarehe 28 Mei 1940, lakini serikali yake ilihamia London, na Gavana Mkuu wa Kongo, Pierre Ryckmans, akaliweka koloni upande wa Washirika. Askari wa Force Publique, jeshi la kikoloni lililokuwa na Wakongo katika vyeo vya chini na Wabelgiji katika vyeo vya juu, walipigana na Waitaliano huko Ethiopia hadi Saïo ilipoanguka Julai 1941, kisha wengine wakapelekwa Nigeria, Misri na Palestina, na kikosi cha tiba kikafika hadi Burma. Wao ndio waliokuwa mstari wa mbele. Nyuma yao, mnamo mwaka 1942, siku za kazi za lazima ambazo mwanakijiji aliweza kudaiwa kwa mwaka ziliongezwa kutoka 60 hadi 120, na wakuu wa maeneo wakaagizwa kuhakikisha kwamba koloni linatoa zaidi ya kila kitu: bati, pamba, mawese, mchele na mpira wa porini.

Agizo la mpira lilikuwa na uzito wa pekee. Wazee walioishi chini ya utawala wa Mfalme Leopold wa Pili, uliokoma mwaka 1908, walikuwa bado hai, na walijua maana ya kupelekwa msituni kutafuta mtambaazi wa mpira, kuukata, kukinga utomvu wake, kuugandisha na kuubeba hadi kituoni kupimwa mbele ya mzungu na kapita, yaani msimamizi Mwafrika aliyewekwa kati ya serikali na kijiji. Adhabu za 1942 hazikuwa zile za kukatwa mikono, na ni lazima tofauti hiyo isemwe. Hata hivyo faini, kifungo na fimbo vilikuwepo, na mtu aliyekwisha kuukimbia mpira mara moja katika maisha yake hakuhitaji kuelezwa mengi.

Bati nalo lilikuwa likichimbwa kaskazini ya Kasongo, hasa Kalima, makao ya kampuni ya Symétain iliyoundwa mwaka 1932. Migodi ilihitaji mikono, na mikono hiyo ilipaswa kulishwa, kwa hiyo kijiji kilidaiwa mara mbili: vijana wake wenye nguvu na chakula chake. Mpunga, ambao ulienea Maniema tangu enzi za Waungwana, yaani Waswahili waliomfuata mfanyabiashara Tippu Tip, Kasongo ilipokuwa mji mkuu wa biashara yao na Kabambare kituo kikubwa cha misafara inayoelekea Ujiji, sasa ulilimwa kwa amri. Juu ya yote palikuwa na pamba, zao ambalo serikali ya kikoloni ililijaribu Nyangwe, jirani na Kasongo, wakati wa Vita vya Kwanza, na kulifanya la lazima tangu mwaka 1917. Kila mlimaji alipimiwa kipande chake. Mbegu zilitolewa na kampuni, bei ilipangwa kabla ya mavuno, na mnunuzi alikuwa mmoja tu.

Mwanahistoria Osumaka Likaka, katika utafiti wake kuhusu pamba na jamii za vijijini nchini Kongo, ameonyesha jinsi zao hilo lilivyopindua mgawanyo wa kazi ndani ya kaya. Pamba ilidai palizi na mavuno katika majira yaleyale ambayo mihogo na mpunga vilihitaji mikono. Mume alipokuwa mgodini, barabarani au msituni, kipande cha pamba kilichoandikwa kwa jina lake kililimwa na mkewe na watoto. Mama huyo alikuwa na shamba la serikali mchana, shamba la mihogo ya nyumbani na sombe, yaani majani yake, kwa saa zilizobaki, na bado alipaswa kutwanga, kuchota maji na kulea. Anne Hilton alikwenda kiwandani kwa hiari, akavaa nguo za kazi na kusifiwa na kamera. Mwenzake wa Kabambare hakuulizwa, na jina lake halikuandikwa hata kwenye daftari la mnunuzi wa pamba, kwa sababu daftari lilimtambua mume.

Humohumo ndani ya filamu yumo mtu anayekaribia hali hiyo zaidi kuliko Anne. Fidelia, mtumishi Mweusi wa familia, aliigizwa na Hattie McDaniel, ambaye mwaka 1940 alikuwa mtu Mweusi wa kwanza kupewa Oscar kwa kazi yake katika *Gone with the Wind*, filamu nyingine ya Selznick. Akina Hilton wanaposhindwa kumlipa, Fidelia anatafuta ajira kwingine, kisha anarudi kulala kwao na kuwafanyia kazi bure katika saa zake za mapumziko. Filamu inalitazama jambo hilo kama upendo na ucheshi. Hakuna anayeuliza Fidelia ana watoto wapi, wala nani wa kwake aliyekwenda vitani, na kwa hakika hilo ndilo pengo kubwa la kazi yote hii: inajua kuhesabu kila pigo lililoipata sebule ya Anne, lakini haina hesabu ya jasho lililoiwezesha sebule hiyo kusimama.

Kamera zilifika Kongo pia. Serikali ya Ubelgiji iliyokuwa London ilimtumia mtengenezaji filamu André Cauvin kulionyesha koloni lake kwa Washirika kama ghala la ushindi, lakini ghala huonyeshwa kwa magunia, mitambo na mabehewa, wala si kwa kaya. Wakongo wenyewe walichaguliwa filamu za kutazama na watawala pamoja na mapadri, kwa imani kwamba drama za wazungu zingewaharibu au zisingeeleweka. Kinyume chake ndicho kinachoelekea kuwa kweli: kiti kitupu cha Tim kingeeleweka Kasongo bila mkalimani.

Kingeeleweka hata zaidi baadaye. Waasi wa Simba waliichukua Maniema mwaka 1964. Vita vya 1996 vilipita njia hiyohiyo, na vya 1998 hadi 2003 viliigawa nchi, Kasongo ikawa chini ya kundi la waasi la RCD na vijiji vingi vikawa mikononi mwa wanamgambo wa Mai-Mai. Njia zilipofungwa na magari kutoweka, uzito wa biashara ulihamia kwenye baiskeli, ambayo wenyeji huiita kinga: madumu ya mawese yamefungwa pande zote, fimbo imefungwa kwenye usukani ili mtu aweze kuisukuma akitembea kando yake, na safari ya siku nyingi hadi upande wa ziwa Tanganyika, kisha kurudi na chumvi, sabuni na vitenge. Katika vita hivyo uwanja wa nyuma haukuwepo kwa maana ya kina Hilton, kwa kuwa mstari wa mbele ulipita uani.

Sinema ya Kongo imeanza kulishika jambo hili. Dieudo Hamadi, mzaliwa wa Kisangani, katika *Maman Colonelle* ya mwaka 2017 anamfuata afisa wa polisi Honorine Munyole, anayehamishwa kutoka Bukavu hadi Kisangani na kukutana na wanawake waliojeruhiwa katika vita vya siku sita vilivyopiganwa mjini humo Juni 2000, ambao bado wanasubiri kutambuliwa. Kazi yake ni ya kumbukumbu halisi, si ya kuigiza, na haina muziki wa Steiner wa kumsaidia mtazamaji. Subira ya kamera ndiyo inayofanya kazi hiyo, na inafanya vizuri zaidi.

Selznick aliifunga filamu yake usiku wa Krismasi, kwa ujumbe unaomwambia Anne kwamba mumewe yuko salama. Maniema, amani ya 1945 ilirudisha baadhi ya askari na kuondoa agizo la mpira wa porini, lakini vipande vya pamba viliendelea kupimwa na kulimwa kwa lazima hadi katika miaka ya 1950, na wake wa waliokuwa Kalima waliendelea kuvipalilia.