Redio ya kwanza kwa ujumbe wa kidijitali: angalia moto mbele ya wati

Vijana wengi wenye wananiuliza kuhusu redio ya amateri wanaanza na ulizo moja: iko na wati ngapi? Hapa Idjwi, kwenye tunaishi kwa pano za jua na batri, ulizo la kwanza ni lingine: inakula moto kiasi gani?

Wazee wetu wanajua foni, ile redio ya parokia na hospitali yenye ilipeleka habari mbele ya telefone kufika. Redio ya amateri inapita mumo kwa mumo, kwenye mawimbi mafupi. Tofauti ni kwamba ni ya kujifunza na kufanya majaribio, bila faida ya pesa. Kupatana bei ya kahawa na munuzi, hapana. Kuficha maneno kwa kodi ya siri, hapana pia.

Sasa, kwa nini kidijitali? Mwaka 2017, Joe Taylor, mwenye alipata Nobel ya fizikia mwaka 1993, na mwenzake Steve Franke walitoa FT8. Kompyuta inageuza ujumbe kuwa milio, inaurusha kwa sekunde 12.64 ndani ya zamu ya sekunde 15, na kompyuta ya upande wa pili inausoma hata kama sikio linasikia kelele tu. Njo maana wati 5 zinaweza kufika bara lingine siku anga ikiwa nzuri. Lakini FT8 haibebe barua: maneno ya kujiandikia mwisho wake ni herufi 13. Kwa kuandika sentensi kamili, kuna programu ya JS8Call, yenye ilijengwa juu ya FT8.

Tuchukue redio tatu. Icom IC-7300 ina wati 100, na inaungwa na kompyuta kwa kamba moja ya USB. Ni redio nzuri, lakini kwa kusikiliza tu inakula karibu ampea 1, na kwa kurusha kwa nguvu yote inaweza kufika 21. Batri ya asidi ya ampea-saa 20, tukitumia nusu ili isife haraka, inatoa 10: saa kumi za kusikiliza, bila kurusha hata neno.

Xiegu G90 ina wati 20 na inakula karibu nusu ya hiyo wakati wa kusikiliza. Inafaa kwa sauti pia, ila inaomba kifaa kidogo cha kuiunganisha na kompyuta. Hesabu bei yake mbele ya kulipa.

QDX ya QRP Labs ina wati 5, haina maikrofoni, ni ya kidijitali tu. Ni ya bei ndogo kuliko zile mbili, na inakula moto kidogo sana. Angalisho: ile ya volti 12 usiifunge moja kwa moja kwenye batri yenye pano inachaji. Volti zikipanda hadi 14, transista zinaweza kuungua.

Zile redio ndogo za mkononi, kama Baofeng UV-5R, ziache kwa kazi hii. Haziko na mawimbi mafupi.

Antena haina gharama kubwa: waya wa shaba wa karibu mita 10, uliokatwa katikati, unatosha kwa megahezi 14. Lakini radi za Kivu tunazijua. Mvua ikikaribia, chomoa antena. Saa ya kompyuta nayo isipotee zaidi ya sekunde moja. Kama hakuna intaneti, kipokezi cha GPS kinairekebisha.

Mwisho ni kibali. Telekominikasio za nchi yetu zinasimamiwa na sheria nambari 20/017 ya tarehe 25 Novemba 2020, na mamlaka yake ni ARPTC. Mwenye kibali anapewa jina la wito lenye kuanza na 9Q. Na katika eneo la vita, chombo cha kurusha mawimbi bila karatasi kinaweza kukufanya uitwe mpelelezi. Kwa hiyo usiingize redio ukifikiri karatasi zitafuata.

Shauri langu: kibali kwanza, kisha batri na antena, halafu redio. Kama unajua kulehemu na unataka kidijitali tu, QDX. Kama unataka na kusema pia, G90, na muinunue watatu ao wanne pamoja.